Kiwiko cha Kinubi

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, redio hupiga wimbo wa kwaya ya wavulana, na Kinyozi huacha chochote anachokifanya. Kama anapiga mswaki, mswaki hubaki mdomoni. Kama anafunga shati, kifungo hubaki nusu tunduni. Husimama mbele ya redio kama mtu aliye kwenye foleni anayesubiri kuitwa jina, na mkewe, Mama Pacha, hupita pembeni yake na beseni la nguo bila kumgusa, kama anavyopita kando ya ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Wimbo wenyewe si mrefu. Kwaya inaanza kwa kuvumisha midomo imefumbwa, halafu sauti moja ya mtoto inapanda juu yao, nyembamba na safi. Mwishoni kuna mstari usemao "Utulinde mpaka kuche", na hiyo "ku" inavutwa, inavutwa, inapanda, halafu inapanda tena, mpaka msikilizaji mwenyewe anajikuta ameshika pumzi. Ndipo inashuka taratibu na kutua kwenye "che". Watu wazima wamelizwa na "ku" hiyo. Hakuna anayeelewa mtoto yule alitoa wapi pumzi.

Kinyozi anaelewa. Hakuwa mtoto mmoja.

Kwaya ilianzishwa na mtu aliyeitwa Mwalimu tu, ingawa mji ulikuwa umejaa walimu. Alikuwa mfupi, mwenye koti moja la kahawia na masikio yaliyosikia hata kile ulichoacha kuimba. Alikusanya wavulana kutoka mitaa ya nyuma ya kanisa, akawaketisha kwenye mabenchi ya chumba cha mazoezi, chumba chenye madirisha marefu yaliyokwama na kinanda ambacho kibao chake kimoja kilikuwa kimezama na hakikuinuka tena. Majoho yalikuwa meupe. Kola zilipigwa wanga mpaka zikakwaruza shingo, na mama wa Kinyozi, aliyekuwa dobi, ndiye aliyezifua.

Sheria zilikuwa nyingi. Maji ya baridi, marufuku. Kupiga kelele mpirani, marufuku, na siku za mechi Mwalimu alipita kando ya uwanja mikono nyuma, akitega sikio. Kwa hiyo wavulana wa kwaya walipofunga bao walishangilia kwa kurukaruka kimya kimya, midomo imebanwa, huku timu ya upande wa pili ikigaagaa chini kwa kicheko. Nywele zilikatwa namna moja kwa wote, fupi, ili macho ya waumini yasipate kichwa cha kuchagua.

Lakini sheria iliyozidi zote ilikuwa ya pumzi. Mwalimu hakutaka kabisa isikike kwamba wavulana wake wanapumua.

"Mtu akisikia mnapumua ataanza kuwahurumia," alisema. "Na akishaanza kuwahurumia ninyi, hasali tena. Mnamharibia."

Ndiyo maana kila mvulana alipewa mwenzi wa pumzi. Mlisimama bega kwa bega, na mstari ulipokuwa mrefu mlipokezana. Ukiona pumzi inakwisha, unamgusa mwenzako kwa kiwiko, ubavuni, kidogo tu. Yeye hapumui mpaka wewe urudi. Ukishavuta hewa, unaingia tena polepole chini ya sauti yake kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto. Walizoezwa hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa si jambo la kufikiri. Nyumbani, mezani, mmoja akiguswa ubavuni na dada yake alijikuta amezuia pumzi.

Mwenzi wa pumzi wa Kinyozi alikuwa mtoto wa fundi saa, mrefu, mwenye shingo ndefu na viwiko vyenye ncha. Wenzao walimwita Kinubi. Na Kinyozi, siku hizo, aliitwa Akiba.

Jina hilo lilitokana na desturi nyingine. Kila solo, Mwalimu aliifundisha kwa wawili: mwenye wimbo na wa akiba, kwa sababu sauti ya mvulana huweza kumkimbia kati ya Ijumaa na Jumapili bila kuaga. Aliwanoa wote wawili mpaka sauti zikafanana. Mke wa Mwalimu, akiwa jikoni kwake jirani na chumba cha mazoezi, alikiri kwamba hawezi kujua yupi anaimba. Lakini siku ikifika, kidole cha Mwalimu kilikwenda kwa Kinubi. Kila mara. Akiba alisimama pale na wimbo mzima kifuani, umeiva, na hakuna aliyeuomba.

Siku ya kurekodi, watu wa redio walileta mashine yao kanisani kwa gari. Waliweka kipaza sauti kimoja kwenye mguu mrefu wa chuma, na Mwalimu akawasimamisha wale wawili mbele yake, wengine nyuma. Kidole kikaenda kwa Kinubi. Mara ya kwanza mbwa alibweka nje. Mara ya pili mvua ikapiga bati. Walingoja mvua ipite, wakaimba tena, mtu mmoja akaangusha kitabu. Hata wakafika mara ambayo kila kitu kilinyamaza, mbwa na mvua na vitabu, na Kinubi akapanda kwenye ile "ku" akiwa na midomo mikavu na shingo imetoka mishipa.

Katikati ya kupanda, Akiba alisikia kiwiko.

Hakuamua kitu. Wakati wa kuamua haukuwepo. Kiwiko kiligusa, na sauti yake ikatoka, ikashika noti ile pale pale ilipokuwa, ikaichukua juu, ikaichukua juu tena, ikaishusha. Nyuma yao wenzao walikuwa wakivumisha, macho kwa mkono wa Mwalimu. Mtu wa redio, mwenye visikilizi masikioni, alirusha mikono hewani. "Hiyo hiyo! Hiyo hiyo, msiguse kitu!"

Mwalimu alimtazama Akiba muda mrefu. Akafunga kitabu chake. Walipokuwa wakitoka alimsimamisha mlangoni, akamshika kidevu.

"Umekula leo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri."

Hayo tu. Kinyozi amelitafuna neno hilo tangu alipokuwa na meno ya kitoto hadi sasa anapong'olewa magego. Vizuri amekula, au vizuri nini? Mwalimu alikufa bila kufafanua.

Siku ile ile, bombani, Akiba aliwaambia wenzake. "Pale mwisho nimemalizia mimi."

"Umemalizia nini? Maji?"

"Ule wimbo! Kinubi amenipiga kiwiko. Muulizeni."

Wakamgeukia Kinubi, aliyekuwa ameinama anakunywa. Akajifuta mdomo kwa mkono wa joho, jambo ambalo mama dobi angemfinyia sikio.

"Mimi nilikuwa naimba," alisema. "Sikuona kitu."

"Akiba anaota!" wakapiga kelele. "Akiba anaota akiwa wima!"

Basi likabaki hivyo. Redio ikaupiga wimbo, na mtangazaji akataja jina la Kinubi. Barua zikaja. Mtu mwenye uwezo aliyeusikia akiwa safarini akajitolea kumsomesha muziki yule mtoto mwenye pumzi isiyokwisha. Kinubi akaondoka na sanduku jipya, kwaya nzima ikamsindikiza, Akiba akiwa amebeba upande mmoja wa sanduku. Sauti ya Kinubi ilipovunjika ilivunjika kwa adabu, ikaganda chini ikiwa nzuri vilevile. Ya Akiba ilivunjika kama sahani. Iliporudi ilikuwa ya mlango wa bati.

Mwalimu, asitake kumpoteza, alimpa mkasi awakate wenzake nywele kwenye chumba cha majoho. Ndivyo alivyopata kazi. Leo ana banda lake mkabala na kanisa, viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, redio juu ya kabati la taulo, na kila Jumamosi wavulana wa kwaya wanapanga foleni, wote nywele fupi, wote namna moja. Amelea mabinti wawili pacha kwa mkasi ule. Mtu akimwuliza hali husema hajambo, na kwa mengi kweli hajambo.

Lakini wivu ulikuwa umehamia kwake zamani na kufanya kama nyumba ni yake. Wateja walipoacha magazeti, alitafuta picha za Kinubi. Aliposoma kwamba Kinubi ameimba kwenye ukumbi fulani wa mji mkubwa, alinoa wembe ambao ulikuwa hauna haja ya kunolewa. Siku alipoona kwenye picha moja kwamba nywele za Kinubi zimeanza kurudi nyuma juu ya paji, aliiweka karibu na taa, akaikagua kifundi, akafurahi mpaka jioni.

"Upande wa kulia umekwenda zaidi," alimwambia mkewe.

"Upande wa kulia wa nani?"

"Wa huyu."

Mama Pacha aliitazama picha, akamtazama yeye. "Wenzangu waume zao wanawaficha wanawake," alisema. "Mimi mke mwenza wangu ni redio, na mwanamume mwenye upara."

Mwaka huu kwaya ilipotimiza jubilei, mchungaji alitangaza madhabahuni kwamba mgeni wa heshima atakuwa mtu ambaye mji mzima unamjua kwa sauti: mwana wetu, sauti ya wimbo wa asubuhi. Kanisa likapiga makofi. Kinyozi alipiga pia, maana waliokuwa pembeni yake walikuwa wakipiga.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Sasa unataka nini, Baba Pacha?" mkewe alimwuliza. "Arudishe masomo yake? Akupe koti lake?"

"Aseme tu. Sentensi moja. Asimame mbele za watu aseme, pale mwisho alimalizia mwenzangu. Basi. Akishasema hivyo, akae na makoti yake yote."

"Na asiposema?"

"Nitasimama niseme mimi."

"Ulishasema. Ulisema bombani, ulisema harusini kwetu, ulimwambia hadi mkunga wakati mimi nasukuma." Alimwekea maji ya kunawa. "Mimi siwezi kuapa kwamba si kweli. Wala siwezi kuapa kwamba ni kweli. Naona tu mtu mzima anagombea pumzi."

Jumamosi ya kuamkia jubilei banda lilijaa. Wavulana walikuwa wamekaa kwenye benchi wakipigana makofi ya visogo vilivyokwisha kunyolewa. Kijana anayeifundisha kwaya siku hizi, mwenye miwani, naye alikuwa amelelewa na kwaya ile ile. Aliingia akiwa ameshika mlango wazi kwa heshima kubwa, na nyuma yake akaingia Kinubi.

Alikuwa mrefu vilevile. Upande wa kulia kweli ulikuwa umekwenda zaidi.

"Akiba!" Kinubi alisema, mikono ameipanua. "Bado uko hapa hapa!"

"Ningekwenda wapi," alisema Kinyozi. "Kaa."

Wavulana wakaacha kupigana makofi, wakamkodolea macho mgeni. Kinubi alikaa, akafungwa shuka shingoni, akalaza kichwa nyuma. Kinyozi akammwagia uso maji ya vuguvugu, akampaka povu. Shingo ndiyo ile ile, ndefu, na kidole cha Kinyozi kiliipima kabla ya wembe. Hapa ndipo noti ile ilipoanzia. Haikumalizikia hapa.

"Unakumbuka siku ya kurekodi?" aliuliza.

"Nitasahauje? Mvua ile!"

"Na mbwa."

"Na mbwa!" Kinubi alicheka, povu likatikisika.

"Usicheke, nina wembe." Alimvuta ngozi ya shavu, akaushusha. "Na kiwiko?"

"Kiwiko gani?"

"Chako. Pale kwenye 'ku'."

Kinubi alifumba macho. Wembe ulipita chini ya taya, ukafutwa kwenye kitambaa, ukarudi.

"Ndugu yangu," alisema polepole, midomo haifunguki sana, "ni zamani mno. Nimeimba mengi tangu siku ile. Kiwiko sikikumbuki."

Mtu mwingine angeteleza mkono. Kinyozi alimnyoa Kinubi vizuri kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote. Alipita kila pembe, nyuma ya masikio, chini ya pua, kwenye kile kibonde cha kidevu ambacho vinyozi wavivu hukiruka. Alimsafisha mpaka akang'aa, ili kesho mtu asije akasema uso ule una kasoro iliyotoka kwake. Alipompaka spiriti, Kinubi alishtuka.

"Inachoma!"

"Inachoma watu wote," alisema Kinyozi.

Kinubi alipotoka, mvulana mmoja aliyebaki kitini aliuliza, "Kwani mzee, ulikuwa unaimba naye?"

"Inamisha kichwa," aliambiwa.

Jumapili kanisa lilifurika. Mgeni wa heshima alisimama kuzungumza akiwa na suti ya kijivu iliyomkaa kama imemwagwa juu yake. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru marehemu Mwalimu. Aliwashukuru wazazi, akamshukuru mama dobi, marehemu naye, kwa zile kola, na Kinyozi akahisi moto usoni, kwa kuwa hata mama yake sasa alikuwa ametiwa kwenye mali za Kinubi. Aliwashukuru watu wa redio. Alisema wimbo ule ulimlea. Kisha akasema "asanteni", akainamisha kichwa.

Sentensi haikuja.

Kinyozi alishika ukingo wa benchi ili ainuke. Mama Pacha, pembeni yake, hakumzuia. Alisogeza tu magoti kumpa njia. Lakini kabla hajafungua mdomo, kijana mwenye miwani alikuwa amekwisha kuinuka na kuwaomba wote waliowahi kuimba kwenye kwaya waje mbele, kila mtu asimame mahali pake pa zamani.

Wakaja kwa msukumano na vicheko, wanaume wenye matumbo, wenye magongo, wenye miwani ya kusomea.

"We ulikuwa nyuma yangu!"

"Nilikuwa mfupi wakati huo. Sasa niambie umeniona wapi mfupi."

"Sogea bwana, hapa palikuwa pangu, kuna hata alama yangu chini ya benchi."

Kinyozi hakuwa na haja ya kutafuta. Miguu ilimpeleka safu ya mbele, kushoto, na bega lake likakutana na bega la suti ya kijivu. Hawakutazamana. Wavulana wa leo, na vichwa vyao alivyovinyoa jana, walikuwa mbele yao wamevaa meupe.

Kijana akainua mkono. Wavulana wakavumisha. Na kwa kuwa watu walikuwa wamemjia yeye, akamwashiria Kinubi, na Kinubi akaanza, sasa kwa sauti ya mwanamume, chini ya ilivyokuwa kwenye redio, lakini bado safi, bado ya kumfanya mtu akunje vidole. Kinyozi alisikiliza kila neno akitafuta ufa, akakosa. Alichukia jinsi ilivyokuwa nzuri. Alichukia zaidi kwamba alijua, kuliko mtu yeyote ndani ya kanisa lile, nzuri kiasi gani.

Wakafika kwenye mstari. Utulinde mpaka ku, na "ku" ikapanda.

Kiwiko kikaja.

Kilikuja pale pale, kati ya mbavu zile zile, na ncha ile ile, kupitia suti na shati na miaka yote hiyo. Pumzi ya Kinyozi ilizuilika yenyewe, mwili ukafanya ulivyofundishwa, koo likafunguka. Naye akalifunga.

Safari hii wakati wa kuamua ulikuwepo. Wote wako hapa, alifikiri. Mchungaji yuko hapa, mji wote uko hapa. Wacha wasikie pumzi ya mtoto yule inaishia wapi. Alimwona Kinubi kwa pembe ya jicho, shingo aliyoinyoa kwa mkono wake imetoka mishipa, noti ikikonda, ikitetemeka ukingoni. Mkono wa kijana mwenye miwani ulikuwa umeganda hewani. Mwanamke mmoja safu ya mbele alikuwa ameweka kiganja kifuani mwake. Utamu wa kisasi hicho Kinyozi aliujua pale pale, na pale pale akajua kwamba hautadumu hata kufika nyumbani.

Noti ikakatika. Kanisani kukabaki mvumo wa wavulana peke yake, kwa kitambo kidogo, kama cha kufunga mkasi. Halafu Kinyozi akaingia.

Sauti yake ilikuwa ya mlango wa bati. Lakini ilikuwa kwenye noti, na iliichukua juu, na juu tena. Pembeni yake Kinubi akavuta hewa kwa kishindo, kanisa zima likasikia, kisha akaingia tena polepole kutoka chini, na wakaishusha pamoja mpaka ikatua.

Watu hawakupiga makofi mara moja. Vichwa vilikuwa vikigeuka, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na mjane wa Mwalimu, ambaye ni mzee sana sasa na hunong'ona kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, alimwuliza jirani yake, "Kumbe ni wawili?"

Siku ile ya kurekodi, kama Akiba angechelewa, mji ungelijua hilo tangu siku ya kwanza. Kosa lake lilikuwa kwamba aliingia vizuri mno.

Kwenye chumba cha majoho, baada ya watu kupungua, Kinubi alimkuta akikunja majoho ya wavulana ambayo hakuna aliyemtuma ayakunje. Uso wa Kinubi ulikuwa mwekundu wa hasira, hasira ya fundi.

"Umechelewa."

"Hukikumbuki kiwiko," alisema Kinyozi.

"Nimekupiga kiwiko umechelewa! Siku ile hukuchelewa." Kisha akasikia alichokisema. Akakaa kwenye sanduku la kola, magoti juu kama panzi.

"Unajua," alisema Kinubi mwishowe, "kila mahali nilipoimba, mstari ukiwa mrefu, mkono huu unakwenda wenyewe. Unakuta hewa. Nimejifunza kukata mistari. Wanaandika magazetini kwamba ndio mtindo wangu."

Kinyozi alitaka kumhurumia. Alijitahidi kweli. Lakini alichokiona ni kumbi zile kubwa, taa, watu waliovaa vizuri, na kiwiko kikitafuta ubavu wake mbele ya wote hao, na yeye hayupo. Hata upweke wa Kinubi ulikuwa umetembea nchi nyingi kuliko yeye.

"Ungesema," alimwambia.

"Ningesema, wangenisomesha nani? Nusu ya mtoto?"

Kinyozi akamalizia kukunja majoho. Kinubi alipoinuka kuondoka, alijishika kidevu, akakisugua.

"Umeninyoa vizuri sana jana."

"Najua," alisema Kinyozi.

Jumapili iliyofuata, kabla ya taarifa ya habari, wimbo ulipigwa kama kawaida. Kinyozi alisimama na mswaki mdomoni. Mama Pacha alikuja na beseni lake, lakini hakupita. Alilitua chini, akasimama karibu naye, akainamia redio.

"Ni wapi?" aliuliza. "Unaingia wapi?"

Alitoa mswaki. "Ngoja. Karibu."

Sauti ya mtoto ikapanda kwenye "ku".

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

Alisikiliza kwa masikio yote aliyonayo. Ilikuwa sauti moja, inapanda, haina mshono mahali popote. Alimtafuta Akiba ndani yake, akamtafuta Kinubi, na akajikuta anawaonea wivu wote wawili, wale watoto waliosimama bega kwa bega wasijue yupi anapumua. Sauti ikashuka, ikatua.

"Imeshapita," alisema.